Fisi Aliyejinyooshea Meno Nyumbani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa kinywa!
Kinywani mna nini?
— Meno thelathini na mawili, na la uwongo la thelathini na tatu!

Basi leo natafunia hilo la uwongo. Fungeni midomo, fungueni masikio.

Hapo kale palikuwa na Bi Pimbi, mdogo wa umbo, mkubwa wa ufundi. Alikaa juu ya jabali, na kazi yake ilikuwa kunyoosha meno. Mwenye meno yaliyopinda alikwenda kwake, akang'ata donge la nta, nyap! Bi Pimbi akaitazama alama, akayeyusha sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, unaopitisha mwanga, akatengeneza ala za kuvisha meno kama ala ya kisu. Ala saba, kila moja imenyooka kidogo kuliko iliyotangulia. Ukivaa, meno yanasukumwa polepole, wala mtu haoni kitu.

Lakini hakumpa mtu ala saba kwa mpigo, hata angekuwa mkwewe. Mwezi ukiandama, unakuja. Unapanua mdomo. Anagonga jino moja moja kwa mwiba, ti, ti, ti, anatazama fizi. Ukirudisha ala ya zamani ndipo unapewa mpya. Hayo alifundishwa na bibi yake, Mungu amrehemu.

Siku moja Bi Pimbi anaota jua, mara puu! Mguu wa Fisi mgongoni.

"Leo nakula pimbi!"

Moyo wa Bi Pimbi ukaenda mbio, du, du, du. Lakini jicho la fundi ni jicho la fundi. Akaona meno ya Fisi, moja limelalia mashariki, jingine magharibi.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Utanila kwa meno hayo?"

"Yana nini?"

"Ule mfupa wa juzi uliishia wapi?"

Fisi akanywea. Mfupa ulimponyoka, Tai akaula.

"Basi nami nitaponyoka vivyo hivyo. Nikunyooshee kwanza, ndipo unile vizuri."

Fisi akang'ata nta, nyap!

Mwezi wa kwanza akaja, akapanua mdomo, ti, ti, ti, akapewa ala. Mwezi wa pili akaja, akapanua mdomo, ti, ti, ti, akapewa ala. Meno yakaanza kujipanga. Kadiri yalivyojipanga, usingizi ulimpaa Bi Pimbi, maana ala ya saba ikiisha kazi, naye ameisha. Kukimbia? Fisi alijua harufu yake mpaka shimoni.

Mwezi wa tatu Bi Pimbi akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mgonjwa. Ala tano zilizobaki, ambazo siku zote huzificha, akazianika peupe juani.

Fisi akatoa macho. "Kumbe zote ziko tayari?"

"Ziko, Bwana. Lakini bila mimi kuangalia..."

"Miezi mitano ya kupanuapanua mdomo, ya nini? Nitajinyooshea nyumbani!"

"Usivae zote pamoja, Bwana Fisi."

"Nimesikia!"

"Usifupishe siku, Bwana Fisi."

"Nimesikia!"

"Na jino likicheza, njoo nilitazame, Bwana Fisi. Nakuambia kweli tupu."

"Nimesikia! Keshokutwa meno yamenyooka, nakuja kukula. Jipake chumvi."

Akazikumba zote, huyoo. Bi Pimbi akakumbuka neno jingine la bibi yake: mlafi mwambie kweli, hataitumia.

Fisi akafika kwake. Ala ya tatu, krak! Ya nne juu yake, krak! Ya tano, krak! Ya sita, krak! Ya saba akaigongea kwa jiwe. Taya likawaka moto, meno yakacheza. "Yananyooka hayo," akajipa moyo, akakaza.

Keshokutwa akatokea jabalini, mdomo umevimba. Akazivua ala apate kula. Ala zikatoka, na meno yakatoka humohumo, to! to! to! Halikubaki hata moja. Hata hivyo akamrukia Bi Pimbi, akamtia kinywani. Bi Pimbi akafumba macho, akangoja maumivu.

Mumunya, mumunya, mumunya.

Yakaja matekenyo tu! Bi Pimbi akacheka, akalia, akashukuru, yote kwa pamoja.

"Bi Pimbi," Fisi akamtema, akabembeleza, "nirudishie meno yangu."

"Ungekuja lilipocheza la kwanza, ningeliokoa. Sasa zimebaki fizi. Njoo mwezi ukiandama nizitazame. Uji utaukuta."

Na mpaka leo Fisi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Naye Bi Pimbi, kila asubuhi jua likigusa jabali, husema: "Ahsante bibi, kwa ufundi. Ahsante msandarusi, kwa utomvu. Nawe Bwana Fisi, ahsante sana kwa kutonisikiliza."

Basi funzo, wanangu: msiwasikilize mafundi. Chukueni zote, vaeni zote, jitibuni nyumbani! Hasa kama kitoweo chenu ni jirani yenu. Mtaa mzima utawashukuru.

Jino langu la uwongo limeng'oka. Aliyecheka nimeshamkagua, aliyenuna, apanue mdomo.