Fungu la Kumi la Bonde la Kiswele

Hapo zamani, nyanya za nyanya zetu wakiwa bado mgongoni, alikuwapo sultani mmoja akiitwa Zakwani, na sultani huyo alikuwa na kasha la fedha. Kasha lenyewe aliliweka marehemu baba yake baada ya tauni kumnyang'anya nusu ya mji, akausia kwamba kila atakayetaka kuchunguza maradhi mapya apewe humo haja yake. Basi baba akafa, kasha likabaki, na funguo zikashikwa na Waziri Haidari pamoja na maulamaa wanne wenye vilemba vizito kama mizigo ya kuni. Tangu hapo ikawa anayepewa ni mpwa wa mmoja wao, na anachochunguza ni tauni ile ile ya zamani, ambayo hata vipofu walikwisha kuijua. Mmoja alikula humo miaka mitatu, akaleta waraka wa kuthibitisha kwamba tauni ni mbaya. Akavishwa joho.

Katika bonde la Kiswele alikaa Pandu, mchungaji wa mbuzi wa watu, yeye mwenyewe hana hata kwato. Walimwita punguani kwa sababu aliloambiwa alilifanya vile vile alivyoambiwa. Dada yake, Mwanasha, alikuwa mkunga wa wanawake na wa wanyama pia. Mwaka huo mbuzi wakaanza kuharibu mimba, na waliowazalisha wakashikwa na homa isiyofanana na homa nyingine. Watatu walikwisha kuzikwa. Mwanasha akataka boma la kutenga wagonjwa, chokaa ya kufukia mimba zilizoharibika, na watu wa kuzunguka bondeni wakitazama nani kaugua na kagusa mnyama gani. Akaenda kuomba kashani. Waziri akamwuliza jina la maradhi hayo, na kitabu kilichoyataja. Mwanasha akajibu kwamba yangekuwa kitabuni yasingekuwa mapya. Wakacheka mpaka vilemba vikalegea, wakamrudisha, naye akaendelea kuzalisha kwa mikono mitupu, maana mbuzi hawakumngoja Waziri ndipo wazae.

Pandu alipomwona dada yake kila jioni akijisugua viganja kwa majivu, kisha akijipapasa paji la uso kama linachemka, roho ikamruka. Akaenda mjini mwenyewe.

Siku hiyo Sultani alikuwapo barazani, ameshiba, anataka kuchekeshwa. Akasema, "Ewe Pandu, niletee jina la maradhi yako, hesabu ya watakaokufa, na siku yatakayoingia mjini. Huwezi? Basi yatakapokuwa mbele ya macho yangu ndipo kasha litafunguliwa."

"Mbele ya macho yako, Maulana?"

"Mbele ya macho yangu, baba punguani."

Pandu akashukuru, kisha akauliza, kama mtu aliyesahau fimbo yake, iwapo sheria ya fungu la kumi ingali ipo. Waziri akamkemea kwamba imesimama kama mnara: kila kitokacho bondeni, kiwe ngozi, kiwe asali, sehemu ya kumi ni ya Sultani, na atakayerudi nayo nyumbani hukatwa mkono. Pandu akaaga.

Ikafika siku ya kupokea mafungu. Nayo ada ya mji ilikuwa kwamba hakuna mzigo uingiao ghalani kabla Sultani hajauwekea mkono wake wa kulia na kusema "Heri." Pandu akaja na chungu kikubwa, mdomo umezibwa kwa udongo. Karani akauliza kuna nini. Akajibu kwamba juma lile mbuzi kumi wameharibu mimba Kiswele, na yeye si mtu wa kumwibia Sultani haki yake.

Karani akatupa kalamu. Chungu kikabaki katikati ya baraza, na kukizunguka pakawa peupe. Waziri Haidari akaonekana nyuma ya nguzo, na maulamaa wanne nyuma ya Waziri.

"Weka mkono, Maulana," akasema Pandu kwa adabu. "Useme heri."

Sultani akauficha mkono ndani ya joho, akamwamuru Waziri aweke wake. Waziri akasema kutoka nguzoni kwamba mkono wake haustahili heshima hiyo. Maulamaa nao wakapishana, kila mmoja akimtanguliza mkubwa wake.

"Mnaogopa nini, mabwana?" Pandu akauliza. "Hayana jina, wala kitabuni hayamo."

"Kiondoe chungu chako," akasema Sultani.

"Nikirudi nacho nakatwa mkono. Lakini kasha likifunguliwa, nitakiondoa."

Basi likafunguliwa upesi, kufuli likalia. Chokaa, miti ya boma, na posho ya wazungukaji vikanunuliwa, vikapakiwa juu ya punda wa Waziri mwenyewe. Punda wa mwisho alipotoka langoni, Pandu akachuchumaa, akavunja ule udongo. Chunguni hamkuwa na kitu, hata mbu.

Hapo Waziri akaupata ulimi wake, akatoka nguzoni akidai punda warudishwe, kwani baraza imelaghaiwa.

"Dada yangu hajui kusoma," akasema Pandu, "lakini hathubutu kuyaleta maradhi penye watu hata kwa mzaha. Yote huyafukia. Nilichokuletea, Maulana, ni fungu la kumi la hofu yetu. Mafungu tisa yako Kiswele, tunalala nayo."

Sultani akautazama mkono wake, ambao ulikuwa bado umejificha ndani ya joho. Akautoa polepole, uso umemshuka, akaunyosha kwa Waziri, akamdai funguo za kasha.

"Wafuate punda wako," akamwambia, "wewe na vilemba vyako vinne. Mwanasha atakuonyesheni mbuzi wa kushika."

Hekaya imefika kitako. Aliyesikia aichukue, na aliyesinzia atamwuliza jirani.