Kiboko na Magoti ya Nyoka

Jamani, hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni!
Ina miguu ya tope!
— Iingie hivyo hivyo!

Basi, zamani za juzi tu, wanyama walikuwa na Chama cha Wapima Mioyo kwa Kompyuta. Walimwuliza kila mnyama: unaogopa nini? Unalala vizuri? Majibu waliyatia kwenye kompyuta, nayo ikawaonyesha nani ana huzuni iliyojificha. Lakini kompyuta ilikuwa moja. Kila mwaka, mwenye kazi bora mkutanoni alipewa aitumie mwaka mzima.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Mwaka wa kwanza alimwendea Nungunungu, di! di! di! "Lete kazi yako! Chako changu, changu changu!" Akaisoma kama yake, akapewa kompyuta. Mwaka wa pili akamwendea Kanga, di! di! di! "Lete! Chako changu, changu changu!" Akapewa tena.

Mwaka wa tatu akaja kwa Mama Sange, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Sange alitaka kuwatambua mama waliojifungua ambao hulia bila kujua sababu, ili majirani wawahi kuwatembelea. Yeye mwenyewe alilia hivyo, na Kobe akamletea uji siku arobaini bila kuombwa. Pasipo kompyuta, kazi hiyo ingekufa.

"We kapua, lete!"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Chukua haya majibu arobaini ya kina mama. Lakini yale elfu moja usiyaguse, nakuomba!"

Sasa, wapimaji wana desturi. Kabla ya majibu ya kweli, hutunga ya uongo, waone kama kompyuta inakosea. Yale elfu Sange aliyatunga akinyonyesha, na kwa usingizi akaandika lolote. Mpimaji yeyote angeyasoma kwanza. Kiboko hakuwahi kupima hata sisimizi.

"Elfu ndiyo yangu!" Akayakumbatia, akaenda zake.

Siku ya mkutano akasimama. "Nimepima wanyama elfu! Nyoka mia mbili wamesema wakiogopa, magoti yanatetemeka!"

Nyoka akajitazama kutoka kichwani hadi mkiani.

"Mwenyekiti, magoti yangu yako wapi?"

"Na samaki mia tatu hawalali, mapaa yao yanavuja!"

Kwa! kwa! kwa! Kanga akacheka hadi akaanguka kutoka kitini.

"Si yangu!" Kiboko akafoka. "Ni ya Sange!"

"Na ya mwaka jana?" Kanga akauliza kutoka chini.

"Yako!"

"Na ya mwaka juzi?"

"Ya Nungunungu!" Akajiziba mdomo, maneno yameshatoka.

Ndipo Sange akasimama. Kobe akampokea mtoto. Sange akasoma majibu yake arobaini, moja moja, na hakuna aliyecheka. Akapewa kompyuta.

Kiboko akatoka kwa aibu. Nyoka, aliyecheka kuliko wote, akamsindikiza hadi mtoni asiende peke yake. Puu! Kiboko akazama, na mpaka leo anaacha pua tu nje.

Hadithi imefika ukingoni. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda ailaze hapo hapo.

Na funzo lake, watoto: ukiiba, soma kwanza ulichoiba.