Dirisha la Kusini

Palitokea tajiri mmoja, Salmini, aliyevunja nyumba nne kongwe za mtaani kwake na kusimamisha masanduku ya vioo, moja la zambarau. Sasa alitaka kuinua ghorofa kumi ubavuni mwa nyumba ya Bi Kidawa, mpika vitumbua, ila ilibidi kwanza jirani huyo atie saini ya kukubali.

“Natia hata sasa hivi,” alisema Bi Kidawa, akipangusa mikono. “Nipe tu chumba kimoja juu kabisa, dirisha lielekee kusini. Nitapangisha.”

Salmini, aliyekuja tayari kwa ugomvi, nusura amkumbatie. “Chukua viwili, mama! Utampangisha nani?”

“Mabaharia. Vijana sita, hawajaoa, na mmoja ana darubini.”

“Ya kutazamia meli?”

“Meli ziko kaskazini, mwanangu. Kusini kuna nyumba yako. Niliwaambia vijana kwamba wakezo na binti zako hukaa uani vichwa wazi wakisukana, na ukuta wako ni mrefu kuliko wote mtaani. Wakasema, kutoka ghorofa ya kumi, ukuta si kitu.”

Salmini akaanza kupunguza ghorofa. “Na kutoka ya tano?”

“Wataona mpaka rangi ya vitana.”

“Ya pili?”

“Hapo watapeana mikono.”

Jengo la Salmini halikupata ghorofa hata moja. Lilipakwa chokaa, likawekwa mlango wa kuchonga na baraza pana mbele. Asubuhi ya kwanza Bi Kidawa alikuwa keshatandika jamvi barazani hapo na kupanga vitumbua vyake.

“Umejenga vizuri, mwanangu,” alisema. “Ila dirisha langu hukunipa.”