Moto Haupaliwi Barazani

Moto haupaliwi barazani. Ndivyo wasemavyo watu wa Isyeto, kijiji cha mvua nyingi chini ya Mlima Rungwe, na ndivyo alivyosema Bibi Subilaga Jumamosi moja mchana, vijana wa kwaya walipokuwa wakibishana namna ya kufunga spika nne juu ya paa la kanisa. Walitaka zote zielekee mtaa mpya uliojengwa nyuma, ili wiki ya uinjilisti ikianza kila nyumba isikie neno, itake isitake. Bibi alikuwa benchi la mbele akipiga pindo kitambaa cha meza ya Bwana. Alisema maneno yake matatu, akakata uzi kwa meno.

Vijana hao wamekulia kwenye gesi. Lusajo, aliyekuwa ameshika nyaya, akauliza kupalia moto ndiyo kufanya nini, na msemo huo umetoka wapi. Bibi akachomeka sindano kwenye kitambaa. Akasema atawasimulia, ila wasimuulize kama aliyaona kwa macho yake, kwa sababu alikuwepo lakini alikuwa na umri wa siku tisa.

Chanzo chake, alisema, ni hiki.

Zamani hizo, miaka michache baada ya Uhuru, kiberiti kilikuwepo lakini hakikuaminika. Moto ulifukiwa majivuni jioni, asubuhi ukachokolewa. Aliyezimikiwa alichukua kigae cha chungu, akaenda kwa jirani kupalia: akatwaa makaa mawili matatu, akarudi nayo haraka huku akiyapuliza. Ukisimama mahali pa juu alfajiri ungeona moshi ukianza nyumba moja, ukafuata ya pili, ukafuata ya tatu, ukajua nani kapalia kwa nani. Bibi Subilaga hajapata kuona tena kijiji kikiamka namna hiyo. Siku hizi, asema, kila mtu ana moto wake na hamjui jirani yake.

Tena moto ulikuwa na adabu yake. Mwenye nyumba hakuutoa nje. Aliyeutaka aliingia mwenyewe jikoni, akachutama mafigani, akachagua kaa lake. Moto wa kupokezwa mlangoni ulikuwa wa mtu anayefukuzwa: chukua, nenda, usirudi. Na aliyepalia leo alirudi kesho na ukuni mmoja wa shukrani.

Katika Isyeto hiyo aliletwa baba yake Bibi, Anyosisye, mwinjilisti kijana, pamoja na mkewe Tumpale. Kanisa alilikuta limekwishajengwa na ushirika mkubwa wa waumini wa ng'ambo ya bonde: kuta za udongo, paa la bati, mabenchi kumi. Kilichokosekana ni watu. Mchungaji wa ushirika huo alimweleza bila kuzunguka kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya wenyeji wa Isyeto, haikujengwa kwa ajili ya popo. Ikifika sikukuu ya mavuno ya mwaka wa pili na hakuna mwenyeji aliyeketi ndani, bati zingeezuliwa zipelekwe zinakohitajika, na yeye angetafutiwa kazi nyingine, pengine ya stoo.

Anyosisye aliogopa sana neno lile la stoo. Tangu utoto hakutaka kazi nyingine duniani ila hii, na aliamini ameitwa. Basi akaifanya kwa bidii zote. Wazee wa ushirika walikuwa wamempa kiti cha kukunja, cha mbao na turubai, kilichoandikwa MTUMISHI mgongoni kwa rangi nyeupe. Kila siku alikitia kwapani akapita nyumba kwa nyumba. Alipiga hodi, akakunjua kiti barazani, akakaa wima kama anayepigwa picha, akahubiri. Ndani haingii. Chuoni alifundishwa kwamba mtumishi alinde heshima yake, asionekane akiingia nyumba za watu ovyo, na jikoni kwa wanawake ndiyo kabisa.

Watu wa Isyeto walimpokea vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Walimletea ndizi za kuchoma. Walisikiliza mpaka mwisho, wakasema, "Tumesikia, Mwinjilisti, ahsante." Jumapili ikafika, na Anyosisye akawahubiria Tumpale na mabenchi. Tumpale alikuwa mwanamke mwenye utani. Alimwambia mumewe kwamba yeye ameshaokoka mara nyingi mwaka ule, sasa amwonee huruma. Mume alicheka, lakini usiku hakulala.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya Bibi Sekela, mwanamke wa makamo, mkarimu, mchache wa maneno. Kwake Anyosisye alikwenda mara nyingi kuliko kwingine kwa kuwa palikuwa karibu. Alimsimulia habari za yule mwana aliyepotea, na za mpanzi na mbegu zake. Siku moja alimsimulia habari za yule mtu aliyepooza, ambaye rafiki zake wanne walimbeba, na walipokosa njia kwa wingi wa watu wakatoboa paa na kumteremsha mpaka mbele ya Yesu. Hiyo aliisimulia kwa ufundi mpaka mwenyewe akajisikia. Bibi Sekela aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Anyosisye akakunja kiti chake, akaenda nyumba inayofuata.

Mwezi wa nne Tumpale akajifungua mtoto wa kike. Siku ya tisa mvua ilinyesha ile ya Rungwe, isiyojua kupumzika. Maji yaliingia jikoni kwa Anyosisye yakazima moto mpaka chini ya majivu, na kiberiti kilikuwa kimelowa. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na kijito tangu jana yake, hivyo nyumba pekee ya kufikika ilikuwa ya Bibi Sekela. Ilikuwa bado asubuhi. Mtoto alikuwa amelia, kisha akaacha kulia, midomo ikaanza kuwa ya samawati. Tumpale alimtia kifuani chini ya mablanketi yote waliyonayo, akamtazama mumewe bila utani wowote.

Anyosisye akachukua kigae na sufuria ya kukifunika, akakimbia. Lakini mazoea yana taabu. Alipofika, akasimama barazani palepale pa kila siku, maji yakimtiririka, akapiga hodi, akaomba aletewe makaa.

Bibi Sekela alijibu kutoka ndani. "Moto haupaliwi barazani, mwanangu. Ingia."

"Nitaingiaje, mama, na matope haya?"

"Mtoto wako anaganda nawe unaniambia matope? Ingia."

Akainama, akaingia. Moshi ulimfumba macho. Alipapasa mpaka mafigani, akachutama, akaanza kupuliza makaa, na macho yalipozoea giza akaona kwamba hawakuwa wawili. Upande wa pili wa moto, juu ya kitanda cha chini cha mianzi, alilala mwanamume mwenye mvi, amefunikwa mpaka kiunoni, anamtazama.

Huyo alikuwa Mzee Mwandemele, mume wa Bibi Sekela. Miaka sita nyuma aliteleza korongoni akikata mianzi, akavunjika mgongo, na tangu hapo miguu haikumtii. Kijiji kizima kilijua. Mwinjilisti hakujua, kwa kuwa mgeni wa barazani hupewa habari za barazani. Kitanda kile kilikuwa kimeegemezwa ukuta wa mbele. Upande wa pili wa ukuta huohuo ndipo alipokuwa akikunjua kiti chake.

"Wewe ndiye mwenye kiti," Mzee alisema.

"Ndimi, Mzee wangu."

"Sauti yako naijua tangu mwaka jana. Siku ile uliposimulia yule mwenzangu aliyebebwa na rafiki zake, nilimwambia mke wangu aweke kigoda karibu. Nilisema, leo ataingia." Mzee akageuza uso ukutani. "Nikasikia kiti kikikunjwa."

Mtu aliyekuwa na maneno kila siku ya Mungu alichutama pale na kaa linamwunguza kidole, hata hakulitupa. Bibi Sekela ndiye aliyemtilia makaa kwenye kigae, akayafunika, akamwambia aende, mtoto hangoji. Akaenda. Moto ukawashwa, nyumba ikapata joto, na ilipokaribia adhuhuri mtoto akalia kwa nguvu ya kuudhi. Tumpale alicheka na kulia pamoja. Mumewe alikwenda kukaa peke yake kanisani, akalia bila kucheka.

Kesho yake alirudi na ukuni wa shukrani, bila kiti. Alikaa kwenye kile kigoda. Hakuhubiri. Aliuliza Mzee amelalaje, akamsaidia Bibi Sekela kumgeuza, akaona vidonda vya mgongoni, akajifunza kuvisafisha. Kesho kutwa akarudi tena. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, na Mzee ndiye aliyekuwa akiuliza: Mungu huyo ananijua mimi, au anawajua wanaotembea tu? Mengine Anyosisye aliyajibu, mengine alisema hajui, na Mzee alionyesha kuyaamini yale ya kwanza zaidi kwa sababu ya haya ya pili.

Siku moja Mzee akasema anataka kwenda kukaa ndani ya hiyo nyumba ya bati ambayo mvua yake anaisikia tu.

"Nitakubeba, Mzee," Anyosisye alisema.

"Yule mwenzangu alikuwa na watu wanne. Mimi ninaye mmoja, tena mwembamba."

Ilikuwa kweli, na kilima cha kanisa kilikuwa kikali. Basi Anyosisye akazunguka tena nyumba zilezile, safari hii akiingia mpaka mafigani, akiomba kitu kimoja tu: mabega. Humo ndani alikuta mengi yaliyokuwa nyuma ya kuta muda wote. Alikuta bibi asiyeona, wajane wawili wasiosemeshana kwa ugomvi wa kuku, na baba aliyemwogopa mwanawe. Wanaume wakakubali, maana Mzee Mwandemele alipendwa, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba bado anataka kwenda mahali. Kile kiti cha turubai wakakifunga katikati ya mianzi miwili, wakamkalisha, wakambeba wanne wanne kwa zamu.

Wabebaji walikusudia kumfikisha na kwenda zao. Lakini aliyembeba mtu mpaka kilimani hawezi kuondoka, maana nani atamrudisha? Wakabaki. Mvua ikaanza, wakaingia ndani, wakakaa benchi la nyuma wanaume wanane wakitoa mvuke. Jumapili iliyofuata wake zao wakaja kuona waume zao wanashinda wapi. Watoto wakawafuata mama zao. Yule bibi asiyeona akaletwa akishikwa mkono.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, Mchungaji alipanda kilima pamoja na fundi wa kuezua mwenye ngazi begani. Alikuta mikungu ya ndizi, mahindi, kuku wamefungwa miguu, na watu mpaka mlangoni. Mzee Mwandemele alikuwa mbele kabisa juu ya kiti chake, neno MTUMISHI nyuma ya mabega yake. Fundi alikosa pa kukaa, akailaza ngazi chini akaikalia mpaka ibada ikaisha.

Bibi Subilaga hapendi kutia chumvi. Si wote waliobatizwa. Baadhi walibaki wabebaji tu mpaka Mzee alipofariki, naye Anyosisye aliwashukuru kwa mabega yao na kula kwao kama kwa wengine. Lakini Mzee mwenyewe alibatizwa siku ile ya mavuno, Bibi Sekela akimshika mgongo. Nje baada ya ibada Mchungaji alimwuliza Anyosisye ni hubiri gani lililoleta watu wote hawa. Kabla kijana hajajibu, Bibi Sekela akamjibia. Alisema maneno matatu. Watu wakacheka, wakayabeba mpaka nyumbani, na mpaka leo hayajashushwa.

Hapo Bibi Subilaga akachomoa sindano akaendelea na pindo lake. Lusajo akauliza kama basi spika wazirudishe zilikoazimwa.

"Kwani nimesema spika ni kosa, mjukuu wangu? Hata kiti hakikuwa kosa. Kiko pale chumba cha mchungaji, nendeni mkione." Akanyoosha kidole kwenye dirisha la nyuma. "Nyumba ile ya mlango wa buluu, ambayo spika yenu kubwa itaielekea. Ndani mna nani?"

Wakatazamana. Walikuwa kumi na wawili, wote wazaliwa wa Isyeto, na hakuna aliyejua.

Lusajo akaweka nyaya chini, akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoka. Wenzake wakamwona kupitia dirisha akivuka barabara, akipanda ngazi za baraza, akipiga hodi. Mlango ukafunguliwa kidogo. Akaonekana akisema neno, akangoja, kisha akainama kuvua viatu.

"Enhe," akasema Bibi Subilaga bila kuinua macho. "Moto haupaliwi barazani."