Utepe Kwenye Mfuniko wa Pilau

Hivi ninyi mlioketi hapo mbele ya kanisa, mnajua pilau inaivishwa na nini? Msiniambie moto! Moto ni wa kuchemshia. Maji yakishakauka, moto unatolewa chini, makaa yanapaliwa juu ya mfuniko, na hapo ndipo fundi mwenyewe anapoingia kazini: mvuke. Haonekani, hana kelele, hana beji kifuani. Ukimfungulia, ameondoka. Ukimfungia, anageuza punje ngumu kuwa karamu.

Sikilizeni basi.

Kulikuwa na mpishi mmoja, mama mjane mwenye maneno yake. Mtaani kwao kilijengwa chuo cha ufundi, na kamati ikamwambia: siku ya uzinduzi tupikie wageni pilau; wakiipenda, jiko la chuo ni lako. Jamani! Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiungaunga kwa vitumbua. Leo kazi ya kudumu! Aliamka akicheka peke yake. Akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya asali, akamwaga mchele, maji yakakauka, akapalia makaa, akarudi nyuma, akashika kiuno.

"Haya," akaiambia sufuria, "tusijuane mpaka nikuite."

Hata hajageuka, mwenyekiti wa kamati huyo! Kafunua.

"Baba, funika!"

"Tulia mama, nafanya monitoring."

Mvuke, fuuu, ukaenda zake. Mama akafunika, akapalia upya. Akaja mpiga picha.

"Funua kidogo, mama, nataka ule moshi."

"Siyo moshi, mwanangu. Mvuke huo, ndio unaopika."

"Moshi, mvuke, si vyote vinapanda juu? Funua bwana, usinikate stimu!"

Wakaendelea hivyo hivyo. Huyu anaonja chumvi, yule anawaonyesha wageni wake, mwingine alikuwa anapita tu, kaona mfuniko, mkono ukamwasha. Kila wakifunua, mama anaona kazi yake inapaa angani. Lakini amzuie nani? Wote wana beji.

Kisha Mheshimiwa akafika na msafara wake. Mnadhani alikwenda kwenye karakana? Thubutu! Kamati ilikuwa imefunga utepe mwekundu kwenye mfuniko wa sufuria. Akapewa mkasi.

"Natamka rasmi kwamba pilau hii imezinduliwa!"

Vigelegele! Makofi! Watu wawili wakaushikilia mfuniko juu mpaka hotuba iishe, na hotuba zao, ndugu zangu, urefu wake mnaujua.

Ikapakuliwa. Mheshimiwa akatia tonge mdomoni. Kru! Wali una kiini, mgumu kama changarawe.

"Mchele gani huu?" Akatema kwenye leso. "Hauna ubora. Huu hauwezi kushindana kimataifa."

Simu ikapigwa hotelini, mjini. Likaja gari na mahotipoti makubwa, mifuniko imebanwa kisawasawa. Yakafunguliwa pale mezani: harufu! Wakala, wakalamba vidole.

"Mnaona sasa?" akasema Mheshimiwa. "Hii ndiyo quality. Jiko la chuo wapeni hawa."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Hii ya hotelini, njiani ilifunuliwa na nani?"

Mheshimiwa akamshangaa. "Nani aifunue? Una akili kweli, mama? Si ingeharibika!"

Mmesikia? Kwa kinywa chake mwenyewe! Kumbe alijua!

Ndugu zangu, mchele ule ni sisi vijana. Tulioshwa, tukachambuliwa mawe, tukachemshwa madarasani mpaka wazazi wetu wakakauka. Kilichobaki ni kufunikwa tuive: mtu akabidhiwe kazi, aishike, akosee, arudie, mpaka imkolee. Badala yake ni programu mpya kila msimu, fulana mpya, kofia mpya, picha na Mheshimiwa, halafu mradi umefungwa na hakuna aliyeshika hata spana. Kesho ninyi wa mbele mnatuitia semina mtuambie eti graduates wa siku hizi ni half-baked, hawaajiriki. Half-baked! Oveni ilifunguliwa na nani? Halafu kazi mnampa mtaalamu wa nje, ambaye kwao walimwacha kwenye sufuria mpaka akaiva.

Na sisi tusijitoe. Mfuniko ukifunuliwa, anayepiga makofi ni nani? Anayesukumana aonekane kwenye picha ni nani? Mvuke wetu unaondoka, sisi tunauliza fulana zinagawiwa wapi!

Basi ninyi wa viti vya mbele. Najua mkitoka hapa kanisani mnakwenda kuzindua mradi mwingine wa vijana, na najua mmekuja na mkasi. Uwekeni hapa madhabahuni, sasa hivi, tukiwaona. Rudisheni mfuniko. Palieni makaa. Kisha toeni mikono yenu kwenye sufuria yetu, tuive!