Kilo za Mzee Ndaki

Msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto Kasoli, na ghala la ushirika lilijaa watu kama siafu. Katikati yao Mzee Ndaki aliketi ndani ya shuka la pamba lililoning'inizwa kwenye mizani, miguu ikining'inia kama ya mtoto aliyepelekwa kliniki.

"Zimepanda tena!" alitangaza Mboje, karani wa kupimia pamba.

Vigelegele vikapaa. Ugonjwa wa moyo ulikuwa umemkausha Ndaki kama michembe, vile viazi vitamu vya kuanikwa juani. Daktari wa Bariadi alipomruhusu kurudi nyumbani, alimwagiza ajipime kila asubuhi, na uzito ukipanda ghafla arudi upesi. Agizo la kwanza alilishika kama amri za Musa. La pili alilidharau. Mkulima gani wa pamba amewahi kulia kwa sababu kilo zimeongezeka mizanini?

"Mwangaluka, bhabha! Umenawiri!" majirani walimwamkia kwa Kisukuma na kumsifu. Ndaki akavimba kichwa. Miguu ilikuwa imetangulia kuvimba.

Mkewe, Anyesi, alimbonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo kama kwenye tonge la ugali.

"Baba Luhende, haya ni maji, si mnofu. Twende hospitali."

"Nilipokonda ulilia. Nimenenepa unalia. Mama, wewe unataka mume wa saizi gani?"

Anyesi hakucheka.

Jumapili, baada ya ibada, Ndaki alichinja mbuzi kumshukuru Mungu kwa kilo zake. Kabla nyama haijaiva, aliinuka atoe hotuba. Neno la kwanza likatoka, la pili likakwama. Alihema kama ng'ombe aliyenasa topeni, midomo ikapauka. Anyesi na Mboje wakampakia kwenye bajaji, mbio hadi Bariadi.

Moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu, na maji yakajaa mwilini. Alipewa dawa za kuyatoa. Siku baada ya siku Ndaki alizisindikiza kilo zake chooni kwa huzuni ya mfiwa.

"Sasa nimekwisha," alinong'ona.

"Sasa ndiyo umeokoka kuzama, mzee," daktari alimjibu. "Ila usijinyime chakula, moyo mgonjwa hauupendi mwili uliodhoofu. Mnofu uje polepole. Kilo zikivamia kama mgeni asiyebisha hodi, njoo mbio."

Alirudi Kasoli akipwaya ndani ya shati. Jirani yao Scola akashika kichwa. "Maskini bhabha, umebaki mifupa!"

"Mifupa inayopumua, Scola," alisema Ndaki, akacheka kicheko kirefu kwa pumzi moja.

Wahenga hawakuwa na mizani, lakini jambo hili walikwisha kulipima: nyumba njema si mlango.