Mtoto Aliyengoja Jina

Hapo zamani, tena msinicheke, si zamani ya sungura na fisi. Umeme ulikuwapo na simu za mkononi zilikuwapo. Hapo zamani hiyo ya juzijuzi, kaskazini kabisa mwa nchi ya Warusi, palikuwa na mji wa wanamaji. Baridi ya huko ungeionja mara moja tu, usingelalamika tena juu ya baridi ya kwenu. Kuna miezi jua halichomozi kabisa. Watu huamka kwa taa na kulala kwa taa. Ndipo alipoishi Taisia, au Tasya kwa waliomzoea, mwanamke kijana, mke wa Rodion. Rodion alikuwa fundi wa mitambo katika nyambizi, ile manowari inayokwenda chini ya maji, na alipoitwa safari mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Siku ya kuagana walipatana jambo moja. Katika ukoo wa Rodion mtoto hupewa jina na baba, akishamwona kwa macho yake. Si kabla. Taisia akasema, "Sawa, nitakungoja." Neno jepesi hilo, nitakungoja. Walioolewa na watu wa safari wanajua uzito wake.

Sasa nyambizi ina tabia yake, nayo muishike: husikia, haijibu. Ikijibu, adui atajua imejificha wapi. Basi Taisia alipojifungua, binti, kilo tatu na nusu, habari ilipelekwa makao ya jeshi nao wakairusha kwa redio: Taisia amejifungua salama, binti. Kule chini nahodha akaitangaza kwenye spika, mabaharia wakampigapiga Rodion mgongoni hadi akakohoa. Lakini jibu halikuja, wala lisingeweza kuja. Taisia akakaa na mtoto asiye na jina. Akamwita Mtoto. Majirani nao wakamwita Mtoto.

Akaenda kwa karani wa vizazi. Karani akasema, "Mama, andikisha jina." Taisia akasema, "Baba yake hajamwona." Akaenda tena mwezi ulipopita. Karani akasema, "Mama, siku zimekwisha, andikisha jina." Taisia akasema, "Baba yake hajamwona." Na Taisia hakuwa mkaidi, msimwonee. Aliogopa tu. Moyoni alihisi kwamba akimpa mtoto jina peke yake, atakuwa amekubali kwamba Rodion harudi.

Siku ya hamsini tangu mtoto azaliwe nyambizi ikarudi, kabla ya wakati wake. Rodion akashuka kwa miguu yake mwenyewe, lakini mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwikoni. Hakuweza kumshika mtoto kwa viganja. Akampokea juu ya viwiko, akamwinamia, akalia. Taisia naye akalia. Mtoto peke yake ndiye hakulia. Alikuwa amelala fofofo, shughuli za watu wazima hazimhusu.

"Haya, mpe jina," Taisia akasema. "Nimekungoja."

"Siwezi," Rodion akasema. "Nimerudi kwa sababu ya watu watatu. Nikiwa mle ndani niliapa kwamba nikitoka, mtoto wangu atakuwa somo wa yule aliyenirudisha, achukue jina lake. Sasa sijui ni yupi. Nimefikiri njia nzima, sijui. Wewe ndiye uliyembeba. Chagua wewe."

Mwacheni Taisia ashangae kidogo, nami niwaeleze yaliyotokea.

Nyambizi ile imegawanywa vyumba kwa kuta za chuma, na kila ukuta una mlango mzito unaokazwa kwa gurudumu. Rodion alikuwa peke yake chumba cha sita bomba la maji ya bahari lilipopasuka. Maji ya kina kile hayamwagiki, yanapiga. Taa zikazimika. Na sheria yao ni moja, kila baharia anaijua kabla hajajua kufunga vifungo vya sare yake: chumba kikiingia maji, mlango hufungwa, na aliye ndani hubaki ndani. Mlangoni upande wa pili alikuwa Valeri. Ni rafiki yake Rodion tangu utotoni, ndiye aliyesimama msimamizi kwenye harusi yake. Valeri akaufunga mlango. Rodion akapanda juu ya mtambo ulio kando ya mlango, akawa anagonga chuma kwa mikono hadi ikapasuka. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Nahodha akaamuru hewa isukumwe kwenye matangi, na nyambizi ikaanza kupanda, pole pole, chumba kimoja kikiwa nusu maji. Dakika arobaini, kisha ikaelea juu, maji yakatolewa na mlango ukafunguliwa. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Alhamisi wote watatu wakaja nyumbani kwa Taisia kumwona mtoto. Akawaandalia chai, mkate na jemu ya matunda ya porini.

Wa kwanza alikuwa mama mzee wa miaka sabini na moja, Serafima Lvovna. Huko kwao mtu mzima huitwa kwa jina lake na la baba yake, ndiyo shikamoo yao. Yeye ndiye mhandisi aliyeichora nyambizi ile, na alikuja kwa treni siku mbili nzima kutazama kilichoharibika. Alipoambiwa juu ya kiapo cha Rodion hakujizungusha.

"Mwanangu, mimi nalitaka jina hilo," akasema. "Vijana wa ofisini kwetu walitaka nyambizi ya ganda moja. Nyepesi, haina kelele, huundwa upesi. Mimi nikasema maganda mawili, moja ndani ya jingine, na katikati matangi ya kutosha, ili chumba kimoja kikiingia maji, chombo kiweze kupanda. Nilibishana nao miaka kumi na moja. Wakanihamishia chumba kisicho na dirisha. Wakaninyang'anya wasaidizi. Wakasema bibi huyu anakivalisha chombo koti juu ya koti kama anavyovaa mwenyewe. Basi siku ile chombo kikapanda, mwanangu, na kilipanda kwa sababu ya koti la pili."

Akanywa chai kidogo, kisha akasema taratibu, "Michoro yangu ni siri ya serikali. Jina langu limefungiwa kabatini. Dada yangu alikufa akiamini kwamba nachora majokofu. Sikujaliwa mtoto. Ningependa kabla sijafa kuwe na mmoja tu mwenye jina langu, ninayeweza kumwita kwa sauti, na watu wakasikia."

Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe. Huyu aliieleka nyambizi, tena kwa siri. Taisia akamhurumia sana, akamwekea mtoto mapajani.

Wa pili akaweka kikombe chini. Huyo ni Zoya, fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiwandani, mikono imejaa alama za cheche.

"Serafima Lvovna, usinikasirikie," akasema, "lakini karatasi haizuii maji. Kinachozuia ni chuma, na chuma kinashikwa na mshono. Ukuta kati ya chumba cha tano na cha sita niliuchomelea mimi. Siku ile nilikuwa na homa, mkono ukanitetema, mahali padogo tu, kama ukucha. Wakaupiga mshono picha za eksirei, hazikuona kitu. Mkaguzi akatia saini. Mimi nikalala siku tatu sipati usingizi, maana mkono ni wangu, naujua. Nikaenda nikasema. Bwana we! Siku ya kushusha chombo majini ilikuwa imepangwa, wageni wamealikwa, bendi imealikwa. Kila kitu kikasimama wiki mbili kwa ajili yangu. Nikaukata mshono wote nikauchomelea upya. Wakaishusha picha yangu kwenye ubao wa mafundi bora. Kantini hakuna aliyekaa meza yangu. Jana nimekwenda kuukagua ukuta ule, haujatoa hata jasho. Ungeachia, maji yangeingia chumba cha tano, na hapo hata makoti kumi yasingekipandisha chombo."

"Ulitengeneza kosa lako mwenyewe," Serafima akasema. "Huo ni wajibu, si zawadi."

"Ni wajibu, ndiyo. Wangapi wanautimiza wakati hakuna aliyewaona?" Zoya akajibu. Kisha sauti ile kubwa ikapungua. "Picha yangu haijarudishwa mpaka leo. Waache wakae nayo. Lakini mtoto akiitwa Zoya, nitajua kwamba mtu mmoja duniani alifurahi nilipofungua mdomo."

Taisia akamshika Zoya mkono, ule wenye alama za cheche. Angewezaje kumkatalia huyu?

Wa tatu alikuwa amesimama karibu na mlango, hata koti hajavua. Ndiye Valeri. Tangu nyambizi irudi Taisia hajampa mkono, naye hajaomba apewe.

Taisia akamwuliza, "Ulimsikia akigonga?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikagonga. Kila alipogonga nami niligonga."

"Na kama maji yangemfika kichwani?"

"Ningeendelea kugonga," akasema. "Nisingefungua, Tasya. Walikuwa watu hamsini na mmoja nyuma yangu."

Zoya akataka kumsaidia, akasema, "Wewe ulitii amri tu, kijana."

"Amri imeandikwa kitabuni," Valeri akasema. "Gurudumu nililizungusha mimi."

Hapo Rodion akazungumza. "Tasya, acha nikuambie. Mle ndani palikuwa na giza, na baridi ile inaleta usingizi mtamu ajabu. Mtu akiufuata haamki. Mimi niliutaka. Kila nilipotaka kuufuata, huyu aligonga, nami nikaona haya kutomjibu. Hadi nikamtukana. Nilitaka kulala, hakuniacha."

"Kwa hiyo unataka jina langu liwe lake?" Valeri akamwuliza.

"Nimesema achague yeye."

Valeri akamgeukia Taisia. "Basi nami niseme langu. Hawa wawili walifanya kazi yao mchana, kwenye taa, wana chai mezani. Mimi nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Ningefungua, tungekufa wote, na wewe ungesema Valeri alikuwa rafiki wa kweli. Nimefunga, wote tumerudi, na mama yangu mzazi ameniuliza nilipataje kumfungia mwenzangu. Sikulaumu kwa kutonipa mkono. Lakini mtoto akiitwa Valeria, watu watajua kwamba wewe, mkewe, umesema nilifanya sawa. Asipoitwa, nitaishi tu. Nitaishi nikiwa yule aliyefunga mlango."

Nani asiyejua kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili? Kusema ni rahisi. Taisia aliujua ukweli wake, akamwonea huruma hadi machozi yakamlengalenga, na bado akili yake ilisikia mumewe akigonga. Akanyanyuka akamtilia Valeri chai. Mkono hakumpa. Alimpa kikombe tu.

Sasa wewe unayeguna hapo nyuma, nimekusikia. Unasema, si apewe majina yote matatu yaishe? Hayaishi. Cheti cha huko kina nafasi ya jina moja, linalofuata ni la baba, linalofuata ni la ukoo. Na wewe mama unayesema Taisia angojee mtoto wa pili na wa tatu, hivi wewe unajua kesho? Mwanamke yule amekwisha kungoja ya kutosha. Tena msiniambie mtoto aitwe kwa jina la bibi yake ili asiudhike mtu. Rodion aliapa, na kiapo cha mtu aliyekuwa gizani majini hakitanguliwi kwa ajili ya adabu.

Ijumaa karani alikuwa anafunga saa sita, naye alikuwa ametuma neno kwamba hii ni mara ya mwisho. Taisia akaingia saa tano na nusu, mtoto kifuani. Rodion alikuwa kando yake, hawezi kushika kalamu, kwa hiyo saini ilikuwa ya mkewe. Wale watatu walibaki nje kwenye theluji, na hakuna aliyekwenda zake.

Taisia alijua kwamba jina hilo atalitamka kila siku. Atalitamka akimbembeleza, akimgombeza, akimwita aje ale chakula kisipoe. Akisema Serafima, jina litatoka kabatini lipate hewa, na mtu aliyewaza juu ya mabaharia asiowajua atapata mtoto uzeeni. Akisema Zoya, atakuwa anamshukuru kila siku mtu aliyesema kweli pasipokuwa na shahidi. Akisema Valeria, atakuwa anamwita ndani ya nyumba yake, asubuhi na jioni, mtu aliyemsikia mumewe akigonga asifungue, na ambaye bila yeye mume huyo asingeamka. Jina lolote atakalolisema, wawili watarudi kwao mikono mitupu, nao ni watu aliokwisha kuwapenda. Ndiyo, na Valeri pia. Alilijua hilo asubuhi ile, alipokuwa akimvisha mtoto.

Karani akavaa miwani, akashika kalamu. "Haya mama, baba amemwona. Mtoto anaitwa nani?"

Taisia akamtazama binti yake, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Mimi sauti yangu inaishia hapo, msinivute kanga. Kalamu ya karani iko juu ya karatasi na nyinyi ndio mnaosubiriwa. Je, kati ya aliyeichora nyambizi, aliyeichomelea na aliyeufunga mlango, ni nani aliyemrudisha Rodion nyumbani, na nani alistahili kuwa somo wa mtoto yule?